Kioo kinanipitisha, mtoto ananikamata: nakosea wapi katika mazoezi ya kiini macho?

#1 Kiganja Kimoja (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie katika jambo ambalo limeninyima raha kwa mwezi wa pili sasa.

Ninajifunza kiini macho cha sarafu na karata, ile kazi ya mikono mitupu isiyo na sanduku wala uzi wa siri. Kila usiku, nikishaoga na kuvua saa na pete, hukaa mbele ya kioo cha kabati kwa dakika 40 hivi na kurudia mchezo mmoja tu. Sarafu ya shilingi 500 naihamisha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto kwa kweli mara ya kwanza, ili watazamaji waizoee njia yake. Mara ya pili najifanya nimeihamisha kumbe imebaki kwenye kiganja cha kulia, na nikifungua mkono wa kushoto hamna kitu. Baada ya miezi 4 nilikuwa nikijitazama kwenye kioo nadanganyika hata mimi mwenyewe.

Kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa kaka yangu niliufanya mbele ya watu kama 20. Watu wazima walishangaa na kupiga makofi. Lakini mdogo wake, binti wa miaka 7 aliyekuwa amekaa sakafuni karibu na goti langu, alisema kwa sauti kabla hata sijafungua mkono wa kushoto, "Bado iko huku," akaugusa mkono wangu wa kulia.

Usiku huo nikaegemeza simu kwenye kopo la maziwa ya unga nikajirekodi mara 10. Ndipo nilipoona kitu ambacho kioo hakikuwahi kunionyesha: kati ya mara hizo 10, mara 9 nimepepesa macho yote mawili pale pale sarafu inapobaki nyuma. Swali langu ni hili: je, kioo ndicho kilichoniharibu? Niachane nacho nibaki na video, au kuna jambo jingine mnaloliona ninyi?

#2 Mzee wa Karata
Hujaharibika, kijana, wala ugonjwa huo si wako peke yako. Wachezaji wa kiini macho waliujua kabla simu hazijaanza kuchukua video. Ukikaa mbele ya kioo unakuwa mtendaji na mtazamaji kwa wakati mmoja. Unatamani kuona mchezo mzuri, na unajua ni wapi utauona ubaya wake, kwa hiyo jicho linajifumba lenyewe ili kukusitiri. Na kwa kuwa limefumba, haliwezi kuona kwamba limefumba. Ndiyo maana ulikuwa unadanganyika kila usiku: sehemu yenye siri hukuwahi kuitazama hata mara moja.

Mimi niliambiwa na marehemu mke wangu mwaka 1987, tukiwa hatuna hata televisheni ndani ya nyumba. Alisema kila ninapotaka kuificha karata ninafumba macho kama mtu anayetiwa dawa ya matone. Nilibishana naye wiki nzima.

#3 Jicho la Tatu
Shikamoo, Mzee. Nyongeza kidogo kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kupiga na kuhariri video za harusi.

Kupepesa macho mara moja huchukua takriban sekunde 0.1 hadi 0.4. Simu ikirekodi picha 30 kwa sekunde, kupepesa huko kunaenea kwenye picha 3 hadi 12. Kwa hiyo mleta mada asiitazame video kwa mwendo wa kawaida, bali aisogeze picha moja baada ya nyingine, akiwa na daftari, aandike picha ambayo kope zimeanza kushuka na picha ambayo vidole vya kulia vimeanza kufunga. Kope zikitangulia vidole, mimi ningesema ni hofu, kwa sababu mwili unajua kinachokuja. Zikishuka pamoja na vidole, hayo ni mazoea, na mazoea huvunjwa kwa namna tofauti na hofu.

#4 Mama Zuwena
Mnaongelea macho ya mleta mada, mimi nataka kuongelea macho ya mtoto. Ninafundisha chekechea na huwa nafanya viini macho vidogo vya leso na kifutio ili kuwakusanya watoto asubuhi, kwa hiyo naomba mniamini katika hili. Mtu mzima ukimtazama usoni naye anakutazama usoni, kwa adabu na kwa mazoea ya maongezi. Mtoto hana deni hilo. Ukimwambia "tazama huku," nusu ya darasa inatazama kule ulikotoka. Binti aliyekaa sakafuni usawa wa goti hakuwa akiuona uso wako vizuri, sembuse kope zako. Kupepesa macho ni kosa, ndiyo, lakini silo lililokukamatisha.

#5 Mwl. Nuru
Nakubaliana nusu na Mama Zuwena. Kosa liko machoni, ila si katika kope; liko katika mwelekeo wa macho.

Mtu anayeweka sarafu mkononi kwa kweli huusindikiza mkono kwa macho, hata kwa nukta moja. Mbele ya kioo hufanyi hivyo, kwa sababu unataka kujiona, kwa hiyo macho yanabaki mbele yakitazama taswira. Ukirudia hivyo kwa miezi 4, mwili unajifunza kuhamisha sarafu huku macho yakiwa yameganda mbele.

Kuna jaribio la watafiti Gustav Kuhn na Michael Land lililochapishwa mwaka 2006 ambalo nalipenda sana. Mchezaji alirusha mpira juu mara mbili kwa kweli, na mara ya tatu akajifanya anaurusha huku ameuficha mkononi. Alipoinua macho kana kwamba anaufuata mpira, takriban theluthi mbili ya watazamaji walisema waliuona ukipaa na kutoweka hewani. Alipouangalia mkono wake badala ya kutazama juu, waliodanganyika walishuka hadi takriban theluthi moja. Mkono ulifanya kitendo kilekile, ila macho yalibadilika. Na walipopima miendo ya macho ya watazamaji, wengi walikuwa wakiutazama uso wa mchezaji kabla ya kutazama mpira.

#6 Kiganja Kimoja
Asanteni sana wote. Mwalimu, nimerudi kwenye video zangu 10 na ni kweli: kichwa hakigeuki kabisa. Nimekaa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Hata pale ninapohamisha sarafu kwa kweli, siutazami mkono.

Jicho la Tatu, nimehesabu kama ulivyoelekeza. Katika video 6 kope zinashuka pamoja na vidole, na katika 3 zinatangulia. Sasa niseme nina hofu au nina mazoea?

#7 Fundi Vioo
Tatizo lako ni kioo kidogo. Kioo cha mlango wa kabati kinakuonyesha kipande cha mbele tu, na kazi ya siri inaonekana ubavuni. Tafuta kioo chenye urefu sawa na wewe mwenyewe, halafu uongeze vipande viwili vya pembeni vilivyofungwa kwa bawaba, kama zile meza za zamani za kujipambia, ili kila kipande ukikunje kitazame ndani. Hapo utaona jinsi anavyokuona aliyekaa kushoto na aliyekaa kulia bila kugeuza shingo. Nimewatengenezea washonaji wengi wa suti, na hata mchezaji wa kiini macho anaweza kuvitumia kwa manufaa yaleyale.

#8 Mwl. Nuru
Kuhusu vipande vitatu Fundi amesema kweli tupu. Lakini naomba nisahihishe jambo moja ili mleta mada asije akaingia gharama bure: kujiona mwili mzima hakuhitaji kioo cha urefu wako. Nusu ya urefu wako inatosha, mradi kitundikwe mahali pake, ukingo wake wa juu ukiwa katikati ya macho na utosi. Ukisogea nyuma hutajiona zaidi, wala ukisogea mbele hutajiona pungufu.

Jambo la pili ni umbali. Ukikaa mita 1 kutoka kwenye kioo, taswira yako iko mita 1 nyuma ya kioo, maana yake unajitazama kutoka mita 2. Binti alikuwa karibu na goti. Miezi 4 umejikagua kwa jicho la mtu aliye mbali, kisha ukaenda kukaguliwa na mtu wa karibu kabisa.

#9 Mkimya
Mwalimu, mbona umesahau kubwa kuliko yote? Kioo hugeuza kulia kuwa kushoto. Yeye amejifunza mchezo wa mtu mwingine.

#10 Mwl. Nuru
Ndugu Mkimya, kioo hakigeuzi kulia na kushoto. Inua mkono ulio upande wa dirisha, na mkono unaoinuka ndani ya kioo uko upande uleule wa dirisha. Kinachogeuzwa ni mbele na nyuma: pua yako inatazama kioo, pua ya taswira inakutazama wewe. Sisi ndio tunaomgeuza mtu huyo kichwani na kusema amegeuka kulia na kushoto.

Hata hivyo hoja yako ina uzito kwa upande wa mtazamaji, kwa sababu aliyekaa mbele yetu anatuona tofauti na tunavyojiona. Anayetaka kujiona kama anavyoonwa na wengine aunganishe vioo viwili bapa kwa pembe mraba, kisha atazame palipo na kiungo. Atashangaa uso wake mwenyewe, hasa kama huchana nywele upande mmoja.

#11 Kinyozi wa Majengo
Hilo la vioo vingi ninalo ushahidi wake. Saluni yangu ina kioo mbele ya viti na kingine ukutani nyuma, ili mteja aone kisogo. Kijana wangu mmoja wa kazi alikuwa akijifunza kuficha karata, na tukishafunga saa 3 usiku alikuwa akibaki kwenye kiti cha kati akijitazama mbele na nyuma. Siku ya kwanza alisimama mwenyewe kwa kukata tamaa: kwa mbele ree ya shupaza ilikuwa imepotea kabisa, lakini kwenye kioo cha nyuma kona yake nyeupe ilikuwa inachungulia kati ya kidole cha shahada na dole gumba, kubwa kama ukucha.

Alichukua wiki 3 kuificha kona hiyo. Na alipoificha, mkono ukawa umekakamaa kiasi kwamba sasa mtu wa mbele ndiye aliyekuwa anashtuka. Kwa hiyo mimi sisemi vioo vingi ni dawa. Vinakuonyesha kosa, lakini unapolikimbilia hilo unaweza kuzalisha jingine.

#12 Mwana wa Baharia
Kutoka Mombasa. Marehemu baba alifanya kazi melini, na safari za Ulaya zilipopita Suez alikuwa akiwatazama wale wachezaji wa Misri walioitwa gali-gali, waliopanda sitahani pale Port Said na kutoa vifaranga kwenye mifuko ya abiria. Alisimulia jinsi watu walivyokuwa wamewazunguka, wengine wamekaa chini, wengine wakiegemea reli juu yao. Hakuna mbele wala nyuma katika mchezo wa namna hiyo. Alituambia kwamba wengine walikuja na watoto wao wadogo, waliokuwa wakijifunza palepale mbele ya abiria.

Hoja yangu ni kwamba kioo na simu vyote vina uso mmoja, na mchezo wetu una duara. Mleta mada angefanya mazoezi mbele ya jamaa wawili watatu wa nyumbani, mmoja amkalishe chini, asingehitaji hivyo vyombo.

#13 Mzee wa Karata
Mwana wa Baharia, nakuheshimu wewe na baba yako, lakini ushauri huo una hatari. Ukimfanyia mke wako mchezo mbichi mara 50, unamfundisha siri, na siku ya sherehe atakuwa anatazama mkono badala ya uso, na jirani yake atafuata anakotazama yeye. Watu wa kweli ni mtihani, na mtihani haufanywi kila usiku.

Mimi naamini kabla ya kioo na kabla ya video kuna vidole. Cardini, aliyekuja kuwa bingwa wa karata jukwaani, alijizoeza katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza akiwa amevaa glavu kwa sababu ya baridi, na hadi uzeeni akawa maarufu kwa kucheza karata na glavu mikononi. Na yuko Richard Turner wa Marekani, aliyeanza kupoteza nuru ya macho akiwa na miaka 9 na sasa haoni kabisa. Huyo hana kioo wala video ya kumsaidia, lakini mkono wake kwenye karata unahesabiwa miongoni mwa mikono bora duniani. Yeye hujua kwa ncha za vidole kama karata imekaa sawa. Mleta mada, zima taa ufanye mchezo wako gizani. Kama sarafu inakusumbua gizani, kioo kilikuwa kinakubembeleza tu.

#14 Jicho la Tatu
Mzee, gizani nakubali. Ila nisiache watu wakadhani video ni hakimu asiye na makosa.

Kwanza, kamera ina jicho moja. Binadamu ana macho mawili yaliyoachana kwa takriban sentimita 6, kwa hiyo kitu kinachojificha nyuma ya kidole kwa kamera kinaweza kuonekana kwa jicho lako la pili. Pili, simu ya kawaida ina lenzi pana, na ukiiweka karibu sana mikono inakuwa mikubwa kuliko ilivyo, na pembe zinadanganya. Tatu, chumba kikiwa na taa hafifu kamera inaacha mwanga uingie muda mrefu zaidi kwa kila picha, na mkono unaokwenda haraka unakuwa ukungu. Ukungu huo unakusitiri uongo uleule uliositiriwa na kope zako. Nne, kamera ya mbele kwenye simu nyingi inakuonyesha taswira kama ya kioo unapojirekodi, na kuna mpangilio wa kuamua kama itahifadhiwa hivyo au itageuzwa. Hakikisha unajua unatazama ipi.

Washa taa, tumia kamera ya nyuma, weka simu mahali atakapokaa mtu. Mwendo wa polepole wa picha 120 au 240 kwa sekunde ni wa kutafuta kosa tu. Hakuna binadamu atakayekutazama kwa mwendo huo, na nimeona vijana wakiacha mchezo mzuri kwa sababu ya kosa linaloonekana kwenye picha 2 kati ya 240.

#15 Sarafu ya Shaba
Mimi video ndiyo iliyoniharibu, na nasema kwa uchungu. Nilikuwa narekodi mara 30, nafuta 29, nahifadhi moja iliyotoka vizuri na kuituma kwa marafiki. Kwa mwaka mzima nikaamini mimi ndiye yule wa video moja. Nilipoitwa kuonyesha kwenye mahafali ya shule, nikawa mmoja wa wale 29.

#16 Mama Zuwena
Pole, mdogo wangu. Ila ukweli usemwe: hiyo si kamera iliyokuharibu, ni kidole chako cha kufutia. Rudisha wale 29 uwatazame.

#17 Mtaalamu wa Viungo
Nimeufuata uzi huu kimya tangu jana. Mimi ni mfiziotherapia, na ninawafundisha kutembea upya watu waliopata kiharusi. Tunatumia kioo kirefu mwishoni mwa njia ya mazoezi. Mgonjwa akijitazama anasimama wima vizuri kabisa. Akigeuka na kurudi, kioo kikiwa mgongoni, bega linashuka tena baada ya hatua 4 au 5. Alichojifunza ni kujirekebisha kwa kuangalia, na wima wenyewe bado haujaingia mwilini.

Jambo hili limeandikwa. Mwaka 1984 Salmoni, Schmidt na Walter walipitia tafiti nyingi za ujifunzaji wa stadi za mwili na kueleza kwamba mrejesho wa kila mara humwongoza mtu vizuri wakati wa mazoezi, lakini anaweza kuuegemea kiasi cha kupungukiwa pale unapoondolewa. Kioo ni mrejesho wa kila sekunde. Video ni mrejesho unaochelewa, unaokuja baada ya kumaliza. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yao, kuliko pembe, kope na umbali. Mleta mada alifaulu mbele ya kioo kwa sababu kioo kilikuwa kinamshika mkono.

#18 Mkimya
Basi wale wa pata potea pale stendi wana vioo vya aina gani? Maana karata zao tatu hazijawahi kunionyesha kona.

#19 Mzee wa Karata
Ndugu yangu, wale wana watu wao katika umati, wanaojifanya wateja na kushinda mbele yako. Nusu ya kazi inafanywa na mtu aliyesimama begani kwako, na hakuna kioo kinachofundisha hilo. Tusiwachanganye na mchezaji anayekuambia wazi kwamba anakudanganya kwa ajili ya kukufurahisha.

Lakini kuna somo moja la kurudia linalofaa hapa. Houdini, yule mchezaji maarufu wa kiini macho, alijisifu kwamba akiuona mchezo mara tatu ataufumbua. Mwaka 1922 huko Chicago, mchezaji wa karata Dai Vernon alimwonyesha mchezo wa karata inayorudi juu ya zote, akaurudia na kuurudia, na Houdini hakuufumbua. Vernon alihubiri maisha yake yote kwamba mkono uwe wa kawaida, ufanye uongo vilevile unavyofanya ukweli. Kwa hiyo mleta mada, rekodi mara 10 ukihamisha sarafu kwa kweli tu. Kisha rekodi mara 10 za uongo. Mpe mtu asiyejua lolote akuambie zipi ni zipi. Uongo utauona kwa kuulinganisha na ukweli wako, na hapo ndipo video inapokishinda kioo, kwa sababu kioo hakiwezi kukuwekea viwili ubavu kwa ubavu.

#20 Kiganja Kimoja
Wakuu, nimerudi baada ya siku 16. Nilikifunika kioo kwa kanga, nikafanya mazoezi gizani kama alivyosema Mzee, na kila usiku nikarekodi mara moja tu, ya kwanza, bila kufuta. Kupepesa kumepungua: katika rekodi 16, nimepepesa mara 5. Kichwa sasa kinageuka. Nililinganisha na zile za kweli nikaona kitu kingine, kwamba ninapodanganya dole gumba la kushoto linafunga mapema mno, kama linaloogopa kitu kisidondoke, wakati hakuna kitu.

Ila kilichonileta ni hiki. Jumamosi nilikwenda kwa kaka, nikamkalisha yule binti na kumwuliza kwa upole alijuaje. Sikutegemea jibu lake. Alisema, "Mara ya kwanza ililia *ti*, mara ya pili haikulia." Nikamwuliza nini kililia. Akaigusa pete yangu ya ndoa.

Nilipohamisha sarafu kwa kweli iligonga pete kwenye mkono wa kushoto. Nilipodanganya haikugonga, kwa kuwa haikufika. Na mimi kwa miezi 4 nimefanya mazoezi usiku baada ya kuvua pete. Hata zile rekodi 10 za kwanza nilijirekodi bila pete, na nikazitazama bila sauti kwa sababu mtoto alikuwa amelala.

#21 Mama Zuwena
Mungu ambariki huyo binti. Nilisema hakuwa na habari na kope zako.

#22 Jicho la Tatu
Naomba simu isilaumiwe kwa hili. Maikrofoni ilikuwepo, sauti umeizima mwenyewe. Kioo ndicho kisicho na masikio.

#23 Mwl. Nuru
Jibu la mtoto ni zuri mno, lakini halifuti yaliyosemwa. Watu wazima 20 walikuwa chumba hichohicho na sauti hiyohiyo. Kwa nini hawakuisikia? Kwa sababu walikuwa usoni kwako. Yeye hakuwa usoni kwako, ndipo sikio lake likapata nafasi. Bado nasema ni macho.

#24 Mtaalamu wa Viungo
Nami bado nasema ni mazoea ya mwili. Pete haileti sauti tu. Mtu aliyevaa pete hufunga vidole tofauti kidogo na asiyevaa, na wewe umefundisha mkono mmoja, ukaenda kuonyesha mwingine. Hata ingekuwa chumba cha viziwi, mkono ule ulikuwa mgeni.

#25 Kinyozi wa Majengo
Mnasahau pia alikaa wapi. Chini, usawa wa goti, akitazama kwenda juu. Kutoka pale mkono wa kulia unaoficha sarafu unaonekana kwa upande wa tumbo la kiganja. Huenda aliisikia na pia aliiona, na mtoto hutaja kile kilichomfurahisha zaidi.

#26 Mkimya
Vua pete siku ya maonyesho, mambo yaishe.

#27 Mzee wa Karata
Mkimya, akivua pete mbele ya wakwe kwenye kipaimara, hiyo sarafu haitakuwa na wa kuitazama tena. Aivae na aifanyie mazoezi. Au sarafu ya kweli aiweke kwa namna isiyogonga, au hiyo ya uongo aipatie mlio kutoka mahali pengine. Hilo la pili ni gumu lakini ni tamu.

#28 Kiganja Kimoja
Shukrani, Mzee. Nimejaribu sasa hivi nikiwa na pete. Nimehamisha sarafu kwa kweli mara 10 nikisikiliza kwa makini, na imegonga mara 4 tu. Kwa hiyo hata mlio wenyewe hauna uhakika, na huenda siku ile ilikuwa bahati ya binti, au huenda Kinyozi yuko sahihi kwamba aliona kitu akakipa jina la sauti. Sijui nimwamini nani kati yenu, na wote mna sababu.

Kanga nimeiacha palepale juu ya kioo. Kesho naiweka simu sakafuni, usawa wa macho yake, taa imewaka, pete kidoleni, na sauti juu.